Jumamosi za Mashine ya Randa

Nimefundisha fizikia sekondari miaka ishirini na mitatu, na katika miaka hiyo nimechora kapasita ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Mistari miwili iliyosimama sambamba, waya huku, waya kule. Wanafunzi wananakili, mtihani unakuja, wanaofaulu wanafaulu. Lakini kapasita yenyewe, kile kikopo cha kuhifadhi umeme cha kushikika mkononi, sikuwahi kuishika mpaka mashine ya baba ilipogoma. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani anasimuliwa na fundi. Mimi ni mtu wa chaki.

Fundi ni baba. Alishuka kutoka milima ya Usambara akiwa kijana, akaajiriwa karakana ya shamba moja la mkonge upande wa Maramba. Huko alitengeneza milango, madirisha, matela ya kubebea mkonge, na majeneza ya wafanyakazi waliofia mbali na kwao. Karakana ilipofungwa na vyombo vyake kutawanywa, baba aliondoka na kimoja tu: randa ya umeme, chuma kitupu, meza yake ndefu kama kitanda cha mtoto. Katikati ya meza kuna uwazi mwembamba, na ndani ya uwazi huo visu vitatu huzunguka vikilamba ubao unaosukumwa juu yake. Ililetwa nyumbani kwetu Chumbageni juu ya lori la makumbi ya nazi. Wanaume sita waliishusha uani, na banda likajengwa kuizunguka, maana hapakuwa na mlango ambao ungeipitisha. Ndiyo maana mpaka leo mtu akiniambia tuitoe, namwuliza ataanza kubomoa ukuta upi.

Baba alikuwa na kanuni moja ya kutibu mashine. Ikigoma, hagusi bisibisi. Anauliza kwanza, "Nani aliigusa mwisho?" Alishikilia kwamba mashine haziharibiki zenyewe kama watu wanavyodai, kwamba karibu kila ugonjwa una mkono wa mtu ndani yake, aliyekaza kupita kiasi, aliyelegeza, aliyesahau. Ukimpata mwenye mkono, umeshapata nusu ya ugonjwa. Nyumbani tulilichoka swali hilo. Redio ikinyamaza, pasi isipopata moto, hata wali ukiungua, ni lile lile, nani aliigusa mwisho. Mama alikuwa akijibu kutoka jikoni, "Mimi! Haya, niitie polisi!"

Karakana ilimwachia ufundi na ikamchukulia masikio. Nilipokuwa sekondari tulikuwa tunapaza sauti kuzungumza naye. Nilipoanza kazi tulishaacha kupaza sauti na kuanza kuandika. Si kwenye karatasi. Baba ana penseli yake ya useremala, bapa na nene, na vipande vya mbao vimejaa bandani, basi unaokota kipande unaandika unachotaka kusema. Akishasoma anajibu kwa mdomo, kwa sauti ya mtu asiyejisikia, mtaa mzima unajua tumezungumza nini. Kisha anakipitisha kile kipande kwenye randa, maneno yote yanaondoka na maranda, na ubao uko tayari kwa mazungumzo mengine. Nilikua nikidhani kila nyumba ya fundi inazungumza hivyo.

Mashine nayo huisikia kwa meno. Anachukua fimbo ndogo ya mninga, anauma ncha moja, ncha ya pili anaiegemeza pale beringi ilipo, anafumba macho. Mtetemo unapanda kwenye fimbo mpaka kwenye taya. "Grisi," anasema. Au, "Kisu kimoja kiko juu kuliko wenzake." Nami, na shahada yangu ya mawimbi ya sauti, niliwahi kuuma ile fimbo nikapata ladha ya mafuta ya taa tu.

Mama alipofariki nilirudi kuishi na baba. Mwaka wa kwanza hakukuwa na shida. Mwaka wa pili akaanza kupotea kidogo kidogo. Alivaa shati juu ya shati. Alikwenda kununua misumari akarudi na vitunguu. Siku moja aliniuliza, "Mama yako bado hajarudi sokoni?" Nami, kwa ukweli wangu wa kipumbavu, nikaokota kipande cha mtiki nikaandika, *Mama alifariki, baba.* Nilimwona akisoma. Nilimwona akilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Aliupitisha ule ubao kwenye randa mara tatu, ingawa mara moja ilitosha, na wiki iliyofuata akauliza tena. Tangu siku hiyo huandika, *Bado yuko sokoni,* naye huridhika.

Lakini bandani alikuwa mtu mwingine. Akishaingia humo asubuhi, na kanga kuukuu ya mama begani kwa ajili ya kufutia vumbi, alijua kila kitu kilipo. Alitengeneza mbuzi za kukunia nazi, vibao vya kusukumia chapati, na mabenchi ya jumuiya yetu ya kanisa, ambayo hayakuisha kwa sababu kila benchi lililokamilika alikuwa analisahau na kuanza jingine. Mimi nilikuwa nimeshaelewa hesabu yake. Mashine ikiwaka, baba anaamka, ananyoa ndevu, anakula. Mashine ikilala, naye analala kitandani akitazama dari mpaka adhuhuri. Kwa hiyo nilipokuwa naitengeneza ile randa sikuwa naitengenezea mbao. Nilikuwa natengeneza asubuhi za baba.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Unabonyeza swichi, mota inanguruma lakini haizunguki. Ukiiacha ingurume hivyo dakika moja inaanza kunuka. Baba alikuwa na dawa yake, aliyotoka nayo karakana: akishabonyeza swichi, anaweka kiganja juu ya mkanda unaounganisha mota na visu, anauvuta kwa nguvu kuelekea dirishani, na mota inakamata mwendo. Waliita kuipiga mkono. Miaka yote hiyo aliipiga mkono kila asubuhi, na mimi kila asubuhi nikiwa najiandaa kwenda shule nilisubiri kusikia kama mkono umetoka salama kati ya mkanda na puli.

Sasa, mota ya namna hii kapasita yake ikifa haijui izunguke upande gani. Inangoja kuambiwa. Ukiivuta kuelekea dirishani itakwenda dirishani, ukiivuta kuelekea ukutani itakwenda ukutani, kwa nguvu ile ile na sauti ile ile. Hilo nilikuwa nimelifundisha darasani. Sikufikiri litakuja kunifundisha mimi.

Ilikuwa Jumamosi, nimekaa mlangoni pa banda nasahihisha madaftari. Baba alibonyeza swichi, akatazama mkanda kwa muda, akauvuta. Aliuvuta kuelekea ukutani. Nilikiona kiganja kikienda upande usio wake, na kabla sijaelewa nimeona nini alishaweka ubao mezani. Visu vikizunguka kinyume havilambi, vinarusha. Ubao ulimtoka mikononi, ukaruka mpaka upande wa pili, ukatoboa debe la mafuta ya taa. Na mikono ya baba, iliyokuwa imeukandamiza ule ubao kwa uzito wake wote, ikaanguka mezani kwenye chuma kitupu, upana wa vidole viwili kutoka kwenye visu.

Alizima. Alitazama debe, akatazama mikono yake, akanitazama mimi kwa uso wa mtoto aliyevunja kikombe. "Ubao mkorofi huu," alisema. Siku hiyo hakuuliza nani aliigusa mwisho.

Nikaamua kuiponya. Nilijiambia, wewe ni mwalimu wa fizikia, si kapasita tu hiyo? Ukiweka nzima mashine itajua yenyewe upande wake, na baba hatagusa tena mkanda. Jumatatu yake baada ya vipindi nilikwenda mjini, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa asili ya Oman, ambaye amekaa nyuma ya kaunta ile ile tangu nikiwa mdogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka nini?"

"Nataka kapasita ya mota ya randa."

"Ya kuwashia au ya kutembelea?"

Sikujua kama ziko mbili. Kitabuni kwetu iko moja. "Ile ya kawaida," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua.

Mzee alivua miwani. "Ya kawaida haiko, bibiye. Wa kawaida ni mimi nawe hapa. Ile mbovu i wapi?"

"Iko nyumbani."

"Basi hukuja na mgonjwa, umekuja na maelezo. Nenda ukamlete."

Kiburi ni ugonjwa. Sikwenda kumleta. Nilinunua duka la jirani kapasita iliyofanana na niliyoikumbuka, nikaenda kuifunga mwenyewe, nikabonyeza swichi. Ilikuwa ya feni. Ilivimba mbele ya macho yangu, ikapasuka kwa mlio wa baruti, na banda likajaa harufu iliyokaa kwenye nywele zangu siku mbili. Baba, ambaye hakusikia mlio, alisikia harufu. Alicheka mpaka akashika meza. "Mwalimu," alisema, "umewasha ubani?"

Niliirudia kaunta ile nimeinamisha kichwa, na mgonjwa kwenye mfuko wa rambo. Mzee akasoma maandishi yaliyofutika kwa kukigeuza geuza kile kikopo kwenye mwanga, akanipa cha kufanana nacho.

Kabla ya kukifunga baba alinilazimisha tuisafishe mashine yote. Hewa yetu ya pwani ina chumvi. Chuma ukikiacha wiki mbili kinaota kutu. Tukasugua meza kwa msasa laini na mafuta ya taa. Swichi ilikuwa imejaa vumbi la mbao kiasi kwamba nilishangaa ilikuwa inawashia nini. Mkanda ulikuwa na nyufa, tukauweka mwingine. Baba aliuma fimbo, akasema grisi, tukatia grisi. Wiki nzima aliniamsha yeye badala ya mimi kumwamsha, na wiki nzima hakuuliza habari za sokoni.

Jumamosi nilibonyeza swichi. Mota haikunguruma, ilizunguka. Moja kwa moja, upande wake, bila mkono wa mtu. Nilipiga kigelegele peke yangu, mwanamke wa makamo na grisi mpaka viwikoni. Baba aliegemeza fimbo, akafumba macho, akatabasamu na fimbo yake mdomoni. Sidhani kama kuna shahada iliyowahi kunipa furaha ile.

Ilidumu majuma matatu.

Asubuhi ya Jumamosi ya nne nilikuwa nampelekea chai. Kutoka jikoni nilisikia mashine inazunguka, nikafurahi. Nilipofika mlangoni nikamwona baba amenipa mgongo, anatafuta penseli rafuni. Hakuna ubao mezani. Alikuwa amewasha, kisha akakumbuka penseli, na alipokwenda kuitafuta akasahau kwamba amewasha. Akageukia meza, bado amenipa mgongo. Akaona maranda ya jana yamebaki kandokando ya meza. Visu vikizunguka kwa kasi havionekani kama visu, vinaonekana kama kivuli laini cha kijivu. Akanyoosha kiganja kufagia maranda yale kuelekea katikati, kama anavyofanya kila siku mashine ikiwa imezimwa.

Nikapiga kelele. Kelele gani, kwa mtu asiyesikia? Plagi iko ukutani karibu na mlango, ningeweza kuichomoa, lakini visu havisimami hapo hapo ukichomoa, vinaendelea kuzunguka kwa muda, na kiganja kilikuwa kimeshaanza safari. Sikuwa na cha kumfikia nacho. Nilimtupia kikombe. Nilimpiga baba yangu mgongoni kwa kikombe cha chai ya moto.

Alijipinda, akageuka na hasira yote ya ujana wake. "Umenimwagia chai! Una wazimu?"

Nilichomoa plagi. Nikaonyesha mashine kwa kidole, sikuweza kufanya jingine.

"Haijawaka hiyo," alisema.

Nilimshika mkono, nikakilaza kiganja chake kwenye chuma cha meza, mbali na visu. Mtetemo ulikuwa bado unapungua. Aliuhisi ukipungua mpaka ukaisha. Aliondoa mkono, akakaa juu ya benchi la jumuiya, na chai ikawa inamtiririka mgongoni. Nami nikakaa chini kwenye maranda nikalia kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananisikia.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Ile kuipiga mkono, niliyoiogopa miaka yote, ndiyo iliyokuwa ikimlinda. Baba hasikii mashine ikiwaka. Alijua imewaka kwa sababu aliiwasha kwa kiganja chake, mkanda ulimpita mkononi, mwili wake ukaandika kwamba kitu hiki sasa kinazunguka. Mimi nikaja na elimu yangu nikaiponya mashine, nikamwondolea baba njia pekee iliyobaki ya kujua. Kidole tu kwenye swichi, na kidole hakikumbuki kitu. Nilijichukia kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri hata sasa.

Nilimpigia simu kaka yangu, anayelima huko Maramba.

"Iuzeni," alisema.

"Ukiiuza atalala asiamke."

"Na mkono ukikatika?"

"Sijui, kaka."

"Basi unataka niseme nini?"

"Njoo umwambie wewe."

Kaka akaniambia mahindi yako shambani. Simlaumu. Nami ningekuwa na mahindi ningeyataja.

Nilijaribu kumwambia mwenyewe. Nilichagua ubao mzuri, nikaandika kwa herufi kubwa, *Baba, mashine hii imekuwa hatari kwako.* Alisoma, akacheka. "Hatari ni mashine isiyofanya kazi," alisema. Akawasha, akapitisha ubao, sentensi yangu ikaondoka ikiwa maranda membamba yaliyonirukia miguuni. Nilisimama pale nikivitazama vidole vyake mpaka alipozima.

Kurudisha kapasita iliyokufa nisingeweza. Angeanza tena kuipiga mkono, na mkono wenyewe haukujua tena dirisha liko wapi. Nilihitaji mashine isiyowaka kabisa, lakini inayoonekana kama inaweza kuwaka kesho. Jumatano moja, baba akiwa anaoga, niliifungua plagi. Ndani ya plagi kuna fyuzi, kile kijiti cheupe kidogo, na uzuri wake, au ubaya wake, ni kwamba ikiungua haionyeshi. Nzima na mbovu zina sura moja. Nilitoa nzima nikaweka iliyoungua, ya pasi ya mama. Ile nzima nikaificha kwenye kopo la vifungo vya mama. Nilikwenda shule nikafundisha mikondo ya umeme.

Jioni baba aliniambia mashine imegoma. Alinitazama kwa makini, nikadhani ananisoma. "Nani aliigusa mwisho?" aliuliza.

Nikaokota kipande cha ubao. *Wewe,* nikaandika.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akakubali. Sijawahi kuandika neno baya kuliko hilo.

Hapo ndipo zilipoanza Jumamosi zetu. Kila Jumamosi asubuhi tunaitafuta shida. Zamani baba angeanzia kwenye plagi kabla hata ya kuvua koti, kila fundi huanzia kwenye plagi. Sasa alianzia kwenye beringi. Tukazitoa, tukaziosha kwa mafuta ya taa, tukazirudisha. Jumamosi nyingine ikawa swichi. Nyingine, visu: tulivinoa juu ya jiwe mpaka nikajiona kwenye chuma, tukavipanga upya, tukivipima kwa kipande cha mbao kimoja baada ya kingine. Alinifundisha yote. Alinifundisha kukaza skrubu kidogo huku kidogo kule zisipinde kisu. Nilimshikia tochi atafute kitu nilichokificha mimi.

Na alikuwa na furaha, hilo ndilo lililonimaliza. Alinyoa ndevu. Aliamka kabla yangu. Aliniita "fundi msaidizi," kisha mwezi uliofuata akaniita "fundi" tu. Kaka alipokuja wakati wa sikukuu alisema mzee amekuwa na afya, nini siri? Nikamwambia grisi. Usiku nililala bila wasiwasi, lakini kila Jumamosi nilipoona anaruka plagi na kwenda moja kwa moja kwenye mota, nilifurahi kwamba hataipata, na papo hapo nilihuzunika kwamba hataipata. Nilikuwa mwongo mwenye mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi alikuwa mimi.

Jumamosi iliyopita aliingia bandani akasimama. Hakuenda kwenye mota. Alitazama mashine toka mwanzo mpaka mwisho, kisha akaufuata waya wake kwa macho, sakafuni, mpaka ukutani. Macho yake yalikuwa yale ya zamani. Nilijua kabla hajainama.

Alichomoa plagi akaja nayo mezani. "Bisibisi ndogo," alisema, nami nikampa. Aliifungua, akatoa fyuzi. Akachukua tochi yake ya bati, akafungua kitako chake, akaiweka ile fyuzi iunganishe betri na bati. Ndivyo anavyozipima, tangu karakana. Fyuzi ikiwa nzima, tochi inawaka. Haikuwaka. Alifikia rafuni, kwenye kopo lake mwenyewe la fyuzi ambalo nilikuwa nimelisahau miezi yote hiyo, akatoa moja, akaijaribu. Tochi ikawaka, duara dogo la mwanga juu ya shati lake.

Aliizima. Alizilaza zile fyuzi mbili mezani, sambamba, nyeupe kwa nyeupe.

"Nani aliigusa mwisho?"

Alisema kwa sauti ya chini. Sikujua kama bado ana sauti ya chini. Niliokota kipande cha mtiki kilichokuwa karibu, na penseli yake, na mkono wangu ulikuwa mzito kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Niliandika, *Mimi, baba.*

Akasoma. Akasoma tena. Kisha akakitazama kiganja chake cha kulia, upande wa ndani, kwa muda mrefu, akakikunja na kukikunjua. Nilingoja anifokee. Nilitaka anifokee.

Alichukua ile fyuzi mbovu akairudisha ndani ya plagi. Akafunga skrubu, kidogo huku kidogo kule, mpaka ikakaza. Ile nzima akaitia kwenye kopo lake, akalifunika, akalirudisha rafuni, juu kabisa.

Kisha akashusha randa ya mkono, ile ndogo ya mti ambayo hajaigusa miaka mingi, akakilaza kile kipande cha mtiki mezani, akasukuma. Nguvu zimepungua, ilimchukua mara nne. Ganda moja jembamba la mbao lilijikunja likaanguka na neno langu ndani yake, na ubao ukabaki safi.

Alinipa ule ubao pamoja na penseli. "Jumamosi ijayo," alisema, "tutaangalia mkanda."